Kopo Halijawa Kamera Mpaka Liwe na Giza

Waraka wa wazi kwa waandaaji wa warsha za kamera za kopo

Ndugu zangu waandaaji,

Nawaandikia hadharani kwa sababu kazi yenyewe ni ya hadhara: mnakwenda shuleni, mnawakusanya watoto, mnatundika picha zao ukutani na kuwaalika watu wazima waje kuzitazama. Mimi ni mmoja wa walioitikia mwaliko wenu. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeipitisha katika chumba cha giza nikisafisha picha za watu, na hakuna kinachonifurahisha kama kumwona mtoto wa darasa la sita amekumbatia kopo la maziwa ya unga lililotobolewa tundu dogo, akiamini kwamba litampigia picha. Imani hiyo mmeipanda ninyi, na nawashukuru kwa dhati. Ila mtoto akishakuamini una deni kwake, na deni hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Picha mlizotundika siku ile zilikuwa na maradhi ya aina moja. Zote zilifunikwa na ukungu mweupe, na nyingi zilikatwa katikati na hilali pana ya mwanga iliyopita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nilisimama mbele ya picha ya bibi aliyeketi kizingitini. Ukuta wa nyumba ulionekana, mkeka ulionekana, hata kikapu kilichotundikwa dirishani kilionekana. Uso wa bibi haukuonekana, kwa kuwa hilali ilipita juu yake. Binti aliyeipiga alikuwa kando, nikamwuliza hicho cheupe ni nini. Akanijibu kama alivyofundishwa: "Ni mwanga wa ndoto." Nikatazama chini ya picha, nikakuta mmeandika maneno hayo hayo kwa herufi za kupendeza.

Ndugu zangu, ile haikuwa ndoto. Lilikuwa bati. Mwanga uliingia kwenye kopo, ukagonga bati lisilopakwa rangi, ukarudi kwenye karatasi mahali ambapo haukutumwa. Binti yule alikuwa na haki ya kuambiwa hivyo, kisha afundishwe namna ya kulizuia jambo hilo. Badala yake alipewa jina zuri la kosa ambalo halikuwa lake.

Tuanze na tunalokubaliana. Kwamba tundu dogo huchora picha ni elimu ya kale. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Kairo, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba taa kadhaa zikipangwa mbele ya tundu linaloelekea mahali penye giza, kila taa huweka alama yake ukutani, na ukiifunika moja, alama ya hiyo peke yake hutoweka. Angalieni vitu alivyovihitaji: tundu, na mahali penye giza. Bila hilo giza, taa zingeendelea kutuma mwanga wake na jicho lisingeona kitu.

Hata hapa nchini tumelishuhudia hilo. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa na kubaki pete kule Rujewa, mkoani Mbeya, aliyetazama chini ya mti angeweza kuziona pete nyingi ndogo zimetawanyika ardhini, kwa sababu mianya ya majani ni matundu, na kila tundu hutupa chini sura ya jua. Pete hizo huonekana kwa kuwa chini ya mti kuna kivuli. Chukua kioo, mulika pale pale, zitafutika zote ingawa hakuna jani lililosogea. Tundu hufanya kazi yake daima. Kinachoamua kama tutaiona kazi hiyo ni giza linaloizunguka.

Sasa tulitazame kopo lenu kwa karibu. Nililishika moja kwa ruhusa ya mwalimu wenu. Lilikuwa na kipenyo cha takriban sentimita 12, tundu limetobolewa ubavuni, karatasi ya picha imekunjwa upande wa pili ikazunguka nusu nzima ya kopo. Ndani lilikuwa linameta kama lilivyotoka dukani. Tundu lenyewe lilikuwa kwenye kipande cha kopo la soda, na upande wake wa fedha ulielekea ndani, ukiitazama karatasi uso kwa uso. Kwa hiyo karatasi ilifungiwa ndani ya vioo.

Nitaeleza madhara yake kwa hesabu ndogo, kwa sababu wapo wanaodhani ukungu kidogo si neno. Chukueni ukuta wa chokaa uliopigwa na jua, wenye mlango wazi wa chumba chenye kiza. Tuseme kwenye karatasi mahali pa ukuta panapata vipimo 96 vya mwanga, na mahali pa mlango vipimo 3. Tofauti ni 32 kwa 1, nayo inatosha kabisa kumwonyesha mtu aliyekaa mlangoni. Sasa kuta za kopo zirudishe vipimo 9 tu, kila mahali sawasawa. Ukuta utakuwa na vipimo 105, jicho halitagundua badiliko. Mlango utakuwa na vipimo 12, yaani kivuli kimepokea mwanga mara nne ya ule uliokuwa wake. Tofauti imeanguka hadi chini ya 9 kwa 1. Mwanga wa ziada hauwadhuru wenye mwanga mwingi. Huwadhuru walioko kivulini, na nchini kwetu, penye jua kali namna hii, watu huketi kivulini.

Nilimsikia mwalimu wenu akiwaambia watoto wenye picha hafifu waongeze muda wa kulifungua tundu. Kwa kopo lililovuja, au kwa siku ya mawingu, muda ni jambo la kuzungumzia. Kwa mwanga unaorudi kutoka kwenye kuta, muda hausaidii chochote. Picha na ukungu huingia kwa tundu lilelile, kwa wakati uleule. Ukizidisha muda mara mbili umezidisha vyote viwili mara mbili, na uwiano umebaki palepale. Watoto walikaa juani wakihesabu sekunde ambazo hazingeweza kuwafaa.

Mwanga huo unatoka wapi hasa? Kuna njia tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni kuta za pembeni. Tundu halijui ukubwa wa karatasi yenu. Linaingiza mwanga wa kila kitu kilicho mbele yake, na ule usioangukia karatasi huangukia bati. Bati la mviringo linapomulikwa hukusanya mwanga na kuchora mstari uliopinda, kama ule unaouona ndani ya kikombe cha chai jua likikipiga kwa upande. Hiyo ndiyo hilali yenu. Ina umbo la kopo, haina umbo la kitu chochote kilichokuwa mbele ya kopo.

Njia ya pili ni ukuta wa mbele, wenye tundu. Huu ndio unaosahauliwa hata na watu waangalifu, kwa kuwa mwanga unaoingia hauugusi. Lakini karatasi ya picha ni nyeupe. Sehemu kubwa ya mwanga unaoifikia huirudisha, na inaurudisha mbele, kwenye ukuta wa tundu. Ukuta huo ukiwa wa bati linalong'aa, mwanga hugeuka mara ya pili na kurudi kwenye karatasi. Mtu akinipa rangi ya kutosha ukuta mmoja tu, nitapaka huo.

Njia ya tatu ni karatasi yenyewe. Karatasi inayong'aa ikikunjwa duara huwa kioo chembamba. Katika duara kuna kanuni moja rahisi: mwanga ukiruka, huruka kwa upinde sawa na ule uliotangulia. Karatasi ikizunguka nusu ya kopo, kila mwanga unaoingia kwa mwinamo wa nyuzi 22 na nusu hadi 45 kutoka mstari wa katikati hugonga karatasi upande mmoja, huruka, na kutua kwenye karatasi hiyohiyo upande wa pili. Picha ya kushoto inakwenda kuichafua ya kulia. Mkipunguza karatasi isizidi theluthi moja ya mzunguko wa kopo, hakuna mruko wa kwanza unaoweza kuifikia tena. Wote utaangukia ukutani, na ukuta ukiwa mweusi safari inaishia hapo. Kwa kopo lenu lenye mzunguko wa karibu sentimita 38, theluthi ni sentimita 12 na nusu. Chukueni kamba, zungusheni kopo, ikunjeni mara tatu, kateni karatasi kwa urefu huo. Hakuna gharama yoyote, na mngeokoa karatasi.

Niwaambie sasa ninachokiomba kifanyike, kwa mpangilio wa umuhimu.

Kwanza, zuieni mwanga kabla haujaingia. Tengenezeni kofia ya manila nyeusi na kuibandika nje kuzunguka tundu. Kwa kopo la sentimita 12 lenye karatasi ya theluthi, yenye kimo cha sentimita 10, kofia ya urefu wa milimita 30 yenye mdomo wa mraba wa milimita 35 hivi inatosha. Karatasi yote itapata picha, na mbingu, mchanga na jua vilivyo nje ya fremu havitapata njia. Mwanga usioingia hauhitaji kupakiwa rangi.

Pili, pakeni ndani weusi usiong'aa, na msisitizo wangu uko kwenye kutong'aa. Wengi hudhani rangi yoyote nyeusi inafaa. Rangi laini ya mafuta ikitazamwa usoni hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwa ule uso wake tu. Mwanga ukiijia kwa kulala, nyuzi 70 kutoka mstari wa wima, inarudisha karibu asilimia 17. Ukifika nyuzi 80, karibu asilimia 39. Na ndani ya kopo mwanga wa pembeni mara nyingi huja kwa kulala. Jaribuni wenyewe: shikeni kipande cha bati lililopakwa rangi nyeusi inayong'aa, kielekezeni dirishani, kitazameni kwa kulalia uso wake. Weusi wote unatoweka, dirisha linabaki.

Kabla ya kupaka, sugueni bati kwa msasa mpaka lipoteze mng'ao, ili rangi ishike. Rangi ya ubao wa darasani ni nzuri sana, kwa kuwa imetengenezwa isiwang'arie wanafunzi machoni. Spreya nyeusi isiyong'aa nayo inafaa. Mkikosa zote mbili, changanyeni rangi nyeusi ya kawaida na vumbi laini la mbao lililochekechwa, mpake mikono miwili. Uso wenye chembechembe huutawanya mwanga na kuufanya ujigonge wenyewe. Kwa ukuta wa mbele, mwombeni fundi cherehani vipande vya mahameli nyeusi. Mahameli humeza mwanga kuliko rangi, kwa kuwa mwanga unaoingia kati ya nyuzi zake hupotea humo. Pigeni mswaki kwanza kuondoa nyuzi zinazolegea, zisije zikaziba tundu.

Masizi pia ni rafiki wa zamani. Bati lililosuguliwa likipitishwa juu ya moshi wa kibatari hushika weusi mzito unaomeza mwanga vizuri. Kazi hiyo ifanywe na mtu mzima, nje, penye hewa. Masizi hutoka yakiguswa, kwa hiyo yafaa zaidi kwa kipande chenye tundu, mahali ambapo hakuna kidole kinachopita. Ila naomba jambo moja lisifanyike: msisage betri kuukuu. Najua shule zilizokosa rangi ziliwahi kupaka ubao kwa unga wake. Vumbi lile lina manganizi, na kulivuta kwa muda mrefu kunadhuru mishipa ya fahamu. Hakuna picha yenye thamani hiyo.

Kuna siri nyingine ambayo fundi yeyote wa chumba cha giza angewaambia bure kama mngemwuliza. Karatasi ya picha haioni kama sisi. Inashika buluu na kijani, na nyekundu haioni kabisa au inaiona kwa shida, ndiyo maana tunafanya kazi chini ya taa nyekundu. Kwa hiyo ile rangi ya kwanza ya chuma, nyekundu ya kutu isiyong'aa, inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, mbele ya karatasi ni kama rangi nyeusi. Kwa filamu haifai, kwa karatasi inafaa. Vijiji vilivyokosa spreya ya kigeni havikosi rangi ya mageti.

Tatu, shughulikieni tundu. Kwa kina cha milimita 120, tundu la takriban nusu milimita ndilo linalotoa picha kali. Toboeni kwa sindano, sugueni mgongo wake kwa msasa laini mpaka kingo ziwe nyembamba, kwa sababu tundu nene ni mfereji, na kuta za mfereji nazo zinang'aa. Kisha tieni masizi pande zote mbili. Na ile tepu ya umeme mnayoipenda iwe ya nje tu. Ndani inang'aa kuliko bati lililopakwa.

Nne, pimeni. Warsha isiyopima inakisia, na watoto wanajua watu wazima wanapokisia. Vipimo ni vitatu.

Cha kwanza hutenganisha uvujaji na uakisi, maana nilisikia vikichanganywa. Weka karatasi ndani, usifungue tundu, acha kopo juani kwa dakika tano, safisha. Karatasi ikitoka na weusi, kopo linavuja, na dawa yake ni mfuniko na tepu. Ikitoka nyeupe kabisa, halafu picha zikaendelea kuwa na ukungu, basi tatizo liko kwenye kuta.

Cha pili ni cha macho. Chukua kopo jingine kama hilo, toboa tundu la upana wa kidole mahali ambapo kona ya karatasi ingekaa, jifunike kwa blanketi zito, elekeza kopo kwenye ukuta mweupe wenye jua, kamwe lisielekezwe kwenye jua lenyewe, uchungulie. Unaona kile ambacho kona ya karatasi inakiona. Inapaswa kuona nukta moja ya mwanga na giza. Chochote kingine kinachong'aa humo, mkunjo wa kopo, tone la gundi, ukingo wa mfuniko, ni mkosaji aliyekamatwa. Mpe mtoto achungulie kopo la bati tupu, kisha achungulie lililopakwa. Hatahitaji hotuba.

Cha tatu kinatoa hukumu. Paka boksi la viatu weusi ndani, toboa upande mmoja tundu la sentimita 10. Tundu hilo litakuwa jeusi kuliko rangi yenyewe, kwa kuwa mwanga unaoingia humo haupati njia ya kutoka. Liweke mita moja mbele ya kamera, nyuma yake shuka jeupe lenye jua. Funika ukingo mmoja wa karatasi ya picha kwa ukanda wa manila ili usipate mwanga wowote. Kwa karatasi yenye unyeti wa karibu ISO 6, jua la mchana litataka kama sekunde 40. Ukisafisha, linganisha mahali pa tundu la boksi na ule ukanda uliofunikwa. Vikifanana, kamera yenu ina giza. Mahali pa boksi pakiwa peusi zaidi kwenye negativu, hicho kiasi kilichozidi ni mwanga wa kuta, na sasa mnaujua ukubwa wake.

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu baadhi ya majibu niliyasikia siku ileile.

Mtasema ukungu hupunguza ukali wa karatasi, kwamba karatasi hupenda kutoa nyeupe na nyeusi tupu bila rangi za kati. Ni kweli kuhusu karatasi. Mafundi wana dawa ya hilo: huimulika karatasi kidogo, sawasawa, kwa muda uliopimwa, kabla ya kuitia kwenye kamera, ili vivuli viamke. Hiyo ni kazi ya makusudi, inayofanana kutoka karatasi hadi karatasi. Mwanga wa bati hauji sawasawa, haupimwi, na hubadilika mtoto anapogeuza kopo. Msiulinganishe na ustadi wa watu waliojifunza.

Mtanitajia ile picha iliyogunduliwa mwaka 2020 katika kituo cha kuangalia nyota cha Bayfordbury, cha Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza. Regina Valkenborgh alikuwa ameweka kopo la bia lenye karatasi ya picha mwaka 2012, likakaa miaka minane, likaandika njia za jua 2,953. Ni kazi ninayoiheshimu. Lakini somo lake lilikuwa jua, kitu kikali kuliko vyote vinavyoweza kuonekana, nalo lenyewe huchoma alama yake kwenye karatasi. Binti yenu alikuwa anatafuta uso wa mtu aliyeketi kivulini. Msimpe vifaa vya kazi ya kwanza mkamtaka afanye ya pili.

Mtasema ni sanaa, na sanaa haina kosa. Hapa ndipo ninapowapinga kwa nguvu zote. Msanii anayeweza kuondoa hilali na akaamua kuiacha, nitamvulia kofia. Mtoto ambaye hajaonyeshwa kwamba inaondoka hakuchagua chochote. Mmemchagulia ninyi, kwa uvivu wa kutopaka, kisha mkamsifia uchaguzi huo. Sifa ya namna hiyo humzuia mtoto kuuliza swali lake la pili, na bila swali la pili hakuna fundi anayezaliwa.

Mwisho mtasema bajeti. Naomba radhi kwa kuwa na macho. Niliona fulana zenye nembo, kila mtoto na yake. Niliona bango la kitambaa lenye urefu wa ukuta. Bei ya fulana mbili tatu ingenunua rangi ya ubao ya kupaka makopo ya darasa zima. Na kwenye bango hilo mlikuwa na picha za watoto wakiwa wameshika makopo, zimepigwa na mpiga picha wenu. Ni picha nzuri: weusi wake mweusi, nyuso safi, hakuna hilali hata moja. Kamera yake imetiwa weusi usiong'aa ndani, na lenzi yake ilikuwa na kofia, niliiona. Kwa nini basi picha za kuwaonyesha wafadhili zipigwe na kamera yenye giza, na picha za watoto wenyewe zipigwe na kopo linalometameta? Swali hili nalileta kwa upole, lakini nalileta, na nataka lijibiwe.

Siamini kwamba mliwadharau watoto. Naamini mlidhani kwamba kwa kuwa kamera ni ya kopo, picha za kopo ndivyo zilivyo. Hapo ndipo mlipopotea. Tundu la sindano lililotengenezwa vizuri, ndani ya kopo lenye giza la kweli, hutoa picha ambayo ndani yake unaweza kuhesabu mabua ya makuti na kusoma umri kwenye uso wa mtu. Umaskini wa kifaa si ruhusa ya kazi mbovu. Kinyume chake, mwenye kifaa duni ndiye anayehitaji maarifa zaidi, na maarifa ndiyo kitu pekee mlichokuja kuwapa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Siku ya kwanza ya kila warsha iwe siku ya kupaka, kusugua na kuchungulia, kabla mtoto yeyote hajapewa karatasi. Kila kopo lipite vipimo vitatu, na mtoto mwenyewe aandike matokeo kwenye mfuniko. Na katika maonyesho yajayo, kila mtoto atundike picha mbili za mahali pamoja, moja ya kopo tupu na moja ya kopo lililopakwa, aandike mwenyewe chini yake anayoipenda na sababu yake. Atakayechagua hilali, nitaisimamia haki yake mbele ya mtu yeyote.

Mkihitaji mkono, nipo. Nitakuja na msasa, rangi na mahameli, kwa nauli yangu, na sitaomba fulana. Nimewaandikia hadharani, nami nasubiri jibu lenu hadharani, kabla ya warsha ijayo.

Wasalaam,

Fundi picha mstaafu,
Tanga